Mabalozi wanaongea, vita inaanza: diplomasia inakwama wapi hasa?

Sauti_ya_Usiku

Wakuu habari za saa hizi. Kuna kitu kinanikosesha raha nimeona nikilete hapa maana najua kuna watu wamesoma haya mambo. Ule usiku wa Februari 23, 2022 nilikua macho nafuatilia kikao cha dharura cha Baraza la Usalama kule New York, kwao ilikua saa tatu na nusu usiku, wamekaa kuzuia Urusi isiingie Ukraine. Hata hotuba hawajamaliza, Putin akatangaza operesheni. Balozi wa Ukraine akasema wazi kwamba hotuba aliyokuja nayo sehemu kubwa haina kazi tena. Na aliyekalia kiti cha mwenyekiti ni balozi wa Urusi, maana mwezi ule ilikua zamu yao!! Niliumia sana.

Sasa swali langu, hivi diplomasia inafeli wapi? Wanadiplomasia hawaiwezi kazi, au wakubwa wanakua wameshaamua na mazungumzo ni kuvuta muda tu? Naomba mnieleweshe, sitaki ubishi wa nani mbaya nani mzuri.

Mpiga_Hesabu

Mkuu jibu fupi ni kura ya veto. Azimio linataka kura 9 kati ya 15, lakini mmoja wa wale watano (Marekani, Urusi, China, Uingereza, Ufaransa) akisema hapana limekufa hapo hapo hata kama 14 wote wamekubali. Kwahiyo mwenye vita akiwa ni mmoja wao, au rafiki wa mmoja wao, baraza halina meno.

Kitabu_Wazi

Mpiga_Hesabu uko sawa ila naona veto inabebeshwa mzigo kuliko inavyostahili, vita kubwa zilikuepo kabla hiyo veto haijazaliwa. Mi huwa narudi Julai 1914 kwa sababu pale unaona kila kitu kinavyoharibika siku kwa siku.

Mrithi wa kiti cha Austria aliuawa Sarajevo Juni 28. Karibu mwezi mzima umepita ndo Austria inaipelekea Serbia masharti, Julai 23 saa 12 jioni, mjibu ndani ya saa 48. Serbia wakahangaika wakajibu, waziri mkuu wao Pašić akapeleka barua mwenyewe kwa balozi wa Austria dakika chache kabla muda haujaisha. Walikubali karibu kila kitu, walichokataa waziwazi ni maafisa wa Austria kuja kufanya uchunguzi ndani ya nchi yao. Balozi akaipitia, mizigo yake ilikua imeshafungwa, saa 12 na nusu yuko kwenye treni anaondoka. Nusu saa jamani! Mtu aliyetaka kuelewana hasomi barua ya namna ile akiwa na tiketi mfukoni.

Halafu kuna hili linaniuma zaidi. Asubuhi ya Julai 28 mfalme wa Ujerumani, Wilhelm, akasoma lile jibu la Serbia na akaandika kwa mkono wake kwamba sababu yote ya vita imeondoka. Siku hiyo hiyo Austria ikatangaza vita, kwa telegramu. Urusi, iliyokua upande wa Serbia, ikaanza kuita jeshi lake lote, na Ujerumani, iliyokua upande wa Austria, mpango wake ulitegemea kuwahi kuipiga Ufaransa, mshirika wa Urusi, kabla Urusi hajajipanga, kwahiyo kila siku ya mazungumzo kwao ilikua hasara. Agosti 1 Wilhelm akamwambia mkuu wa majeshi, Moltke, basi tugeuze jeshi lote liende mashariki, akajibiwa haiwezekani, ratiba za treni zimepangwa mwaka mzima haziwezi kubadilishwa usiku mmoja.

Kwahiyo swali lako la wameshaamua au la, mi naona mara nyingi wameamua nusu, halafu maandalizi yenyewe yanamalizia ile nusu iliyobaki. Balozi anahitaji muda, na jeshi likishaanza kutembea muda ndo kitu cha kwanza kupotea.

Sauti_ya_Usiku

Aisee hiyo ya treni sikuijua. Lakini Ukraine muda ulikuepo, kule Minsk walisaini makubaliano ya kusitisha vita Septemba 2014 wakasaini tena Februari 2015, miaka saba mbele bado vita. Hapo je?

Binti_wa_Bahari

Kaka hapo tatizo ni dhamana. Kuandika makubaliano watu wanaweza sana, ila nani atamlazimisha atakayeyavunja? Rudi nyuma Desemba 1994, Budapest. Ukraine ilikua na silaha za nyuklia zilizobaki kwenye ardhi yake baada ya Sovieti kuvunjika, ikakubali kuziachia, na Urusi, Marekani na Uingereza zikasaini kwamba zitaheshimu mipaka yake. Lile neno walilotumia lilichaguliwa kwa makini sana, ni hakikisho tu, hakuna mahali panasema mtu akivamia sisi tutaleta askari. 2014 Crimea ikachukuliwa. Baada ya hapo wewe ungekua Kyiv karatasi gani tena ungeiamini?

Na Rwanda hivyo hivyo. Mkataba wa Arusha wa Agosti 1993, kati ya serikali na waasi wa RPF, ulikua na kila kitu, serikali ya pamoja, jeshi la pamoja, mpaka askari wa UM wapatao 2,500 wakapelekwa kuusimamia. Mauaji yalipoanza Aprili 1994, wale wanajeshi kumi wa Ubelgiji wakauawa, Ubelgiji ikaondoa watu wake, na Aprili 21 Baraza likapiga kura kupunguza kikosi kibaki kama 270. Watu wanachinjwa barabarani na dhamana ya mkataba inapanda ndege inaondoka. Hiki kitu huwa siwezi kukisoma mpaka mwisho kwa siku moja.

Mpiga_Hesabu

Nakubali, ila tusisahau kuna wakati upande mmoja umepiga hesabu zake vibaya na hakuna balozi wa kuzibadilisha. Januari 9, 1991 Geneva, Iraq ikiwa imeikalia Kuwait, mawaziri wa mambo ya nje, Baker wa Marekani na Tariq Aziz wa Iraq, walikaa zaidi ya saa sita. Baker akampa barua ya rais Bush kwenda kwa Saddam, rais wa Iraq, Aziz akaisoma akasema lugha hii haifai kuandikiwa rais, hakuichukua, ikabaki mezani. Mwisho wa muda ambao UM iliipa Iraq itoke Kuwait ulikua Januari 15, na mabomu yakaanza usiku wa 16 kuamkia 17. Pale kila mtu alimwelewa mwenzake vizuri kabisa, ila Saddam hakuamini kama wale watapigana kweli.

Sauti_ya_Usiku

Asanteni sana wote. La mwisho basi, kuna mahali ilifanikiwa kweli? Cuba 1962, Sovieti walipoweka makombora ya nyuklia pale, walitokaje?

Kitabu_Wazi

Walitoka kwa siri. Usiku wa Oktoba 27 Robert Kennedy, mdogo wake rais wa Marekani, alikutana na balozi wa Sovieti, Dobrynin, akamwambia makombora yetu ya Uturuki tutayaondoa lakini msitangaze, mkitangaza hatuna makubaliano. Kesho yake Khrushchev, kiongozi wa Sovieti, akakubali kuyatoa yake Cuba, na yale ya Uturuki yakaondolewa kimyakimya mpaka Aprili 1963. Kila mmoja alipata kitu cha kuwaonyesha watu wake (Khrushchev aliahidiwa hadharani kwamba Cuba haitavamiwa), na hakuna aliyetambiwa hadharani.

Ila ilikua karibu sana jamani. Dobrynin alikuja kueleza kwamba ujumbe wake kwenda Moscow ulikua unachukuliwa ubalozini na kijana wa kampuni ya telegramu kwa baiskeli, dunia nzima inasubiri na wao wanaomba tu kijana asisimame njiani. Ndo maana Juni 1963 wakasaini kuweka laini ya moja kwa moja ya Washington na Moscow, na haikua simu kama wengi wanavyodhani, zilikua mashine za kuchapa maandishi.