Ba Mama wa Katuba (Likelemba)

Mama Gloire, 06:12
Jambo yenu ba mama. Leo jioni ndiyo mwisho wa kusema nani anaingia kwenye ununuzi wa pamoja. Zamu ya likelemba ya mwezi huu, ile michango yetu ya kupokezana, tuiweke humo, tupakie unga sisi wenyewe toka Kasumbalesa, pale mpaka wa Zambia.

Mama Gloire, 06:15
Mutazame Mama Benita. Anachukua gunia moja kwa deni, anauza meka kwa meka, kipimo kwa kipimo, mpaka jioni. Akiisha kulipa mwenye gunia, anabaki na bukari, ugali wa siku moja tu. Kazi anaiweza, mtaji ndio hana!

Mama Gloire, 09:40
Naona mumesoma. Jibuni basi.

Mama Jérémie, 09:52
Lori likipatikana, mi nakaa mbele na dereva 😂

Mama Sifa, 09:53
Weye na madereva! 😂😂

Mama Jérémie, 09:53
Barabara ni ndefu, anahitaji mtu wa kumwongelesha 😂

Mama Gloire, 10:05
Ba mama. Lori.

Yaya Odette, 13:20
Na zile gunia za mara ya kwanza? Nani alizihesabu pale mpakani? Bado nangojea jibu.

Mama Sifa, 13:22
Yaya, siyo hapa.

Yaya Odette, 13:22
Basi ni wapi?

Mama Gloire, 13:40
Ndiyo maana nataka konti ya kikundi, sahihi tatu.

Mama Sifa, 13:47
Bwana yangu anasema benki itaomba ruhusa yake.

Mama Gloire, 13:50
Hapana Sifa. Ile ilikuwa sheria ya familia ya Congo ya 1987. Ilirekebishwa Julai 2016, ruhusa ya bwana ikaondolewa. Beba karte yako ya uchaguzi, twende pamoja.

Nkambo, 17:08
Binti zangu. Siku nilizika bwana, ndugu zake walibeba hata meka ya kupimia. Deni za wateja hawakuziweza, sababu daftari lilikuwa na jina langu. Gloire, usipakie lori kabla Odette hajajibiwa. Leta daftari la zamani kwangu Jumapili, baada ya misa.

Mama Sifa, 17:30
Ndiyo Nkambo 🙏

Mama Gloire, 19:31
Nimesikia Nkambo, nitalileta. Lakini mwenye lori anataka avansi kesho. Nimwambie nini?

Mama Benita, 22:58
Ndiyo nafika nyumbani. Mi naingia, gunia tatu. Naweza kulipa mbili kwanza?

Mama Jérémie, 23:04
Jumapili hii ao ile ingine?