Nimepewa semi, mara ya kwanza kuingia nalo Dar kutoka Mtwara, naombeni maelekezo

Kijana wa Mikindani
Habari zenu wakuu. Nipo Mtwara, nimesukuma fuso muda mrefu tu, mizigo ya huku huku Masasi, Newala, Tandahimba, ufuta na korosho kupeleka maghalani. Sasa bosi kanikabidhi semi, lile lori la kichwa na tela, na wiki ijayo napakia simenti mifuko 600 kwenda kushusha ghala moja Buguruni. Barabara ya huku sina wasiwasi nayo, Nangurukuru, Somanga, mpaka Daraja la Mkapa najiamini, ila kuanzia Mbagala kwenda mbele ndo sijui kitu maana Dar nimeingia kwa basi tu tena usiku. Naambiwa bodaboda wanapenya mpaka ubavuni kwa tela gari likiwa linakata kona. Mnaopiga hiyo ruti niambieni niingie saa ngapi, nipite wapi, na nini hasa kinawaponza wageni. Utingo wangu nae mgeni vilevile.

Mzee wa Mingoyo
Dogo hongera, na umefanya la maana kuuliza kabla hujawasha gari. La kwanza kabisa ni saa. Mtwara mpaka Dar ni kilomita kama 560 na wewe lori lako sheria inakupa 80 kwa saa, kwenye makazi 50, na vijiji vya njia hii havina idadi, kwahiyo usijidanganye utapiga yote siku moja halafu uingie mjini na akili nzima. Ukitoka alfajiri utafika Kibiti au Mkuranga jioni umechoka, na jioni ndo saa ambayo Mbagala yote inarudi nyumbani. Paki hapo Mkuranga au Vikindu, kula, lala. Amka saa tisa usiku uingie, saa kumi na moja uwe umeshaivuka Mbagala. Ukichelewa ikafika saa kumi na mbili asubuhi bora ukae ulipo mpaka saa nne, maana daladala, bajaji na watoto wa shule wote wanatoka kwa pamoja. Bosi akipiga simu kwanini umesimama mwambie ukweli, ukiwa mkweli toka safari ya kwanza atakuzoea hivyo hivyo. Nimeona vijana wazuri wanaharibikiwa kwa sababu ya kukimbizwa na simu na inaniuma.

Dereva wa Mandela
Mzee kasema yote kuhusu muda, naongeza njia. Unashuka na Kilwa Road, Kongowe, Mbagala Rangi Tatu, Zakhem, Mtoni kwa Aziz Ali, mpaka Uhasibu. Pale ukikunja kulia unaenda bandarini, wewe kunja kushoto uingie barabara ya Mandela, nyooka mpaka Tazara. Ile flaiova ya Mfugale iliyofunguliwa 2018 ni ya wanaotumia Nyerere Road, wewe unapita chini kwenye taa, ukivuka tu Buguruni hiyo hapo mbele.

Sasa sikiliza hii kona ya kushoto maana ndo inaua watu. Semi ukikata kushoto tela halifuati kichwa, linakata kwa ndani, kwahiyo lazima utanue kulia kwanza, na ukitanua tu unaacha uwazi upande wa kushoto, bodaboda akiuona anajua amepewa njia, anaingia na abiria wake. Hapo kichwa kimeshapinda na saitimira, kioo cha pembeni, ya kushoto inakuonyesha ubavu wa tela tu, yeye humuoni. Washa indiketa mapema sana, punguza mpaka gia ya mwisho chini, uwazi usiwe mkubwa, na utingo atoe kichwa dirishani upande wake aangalie mpaka tairi za mwisho zimemaliza kona. Akisema simama unasimama hapohapo, usimuulize kuna nini. Watu wa nyuma wapige honi mpaka wachoke.

Na njia za mabasi ya mwendokasi za katikati usiziguse hata kama foleni haisogei na wengine umewaona wameingia. Ukipitiliza sehemu ya kukunja usijaribu kugeuza pale pale, nenda mbele mpaka upate nafasi ya kweli. Semi likikwama limekaa kipande huku kipande kule umefunga mji.

Kijana wa Mikindani
Asanteni sana wakuu. Kuna mtu kaniambia Kongowe nikunje kulia nipite Kigamboni nitokee kwenye daraja niikwepe Mbagala yote, vipi hiyo?

Dereva wa Mandela
Inawezekana, Daraja la Nyerere lipo toka 2016 na linakutoa Kurasini, ila ni la kulipia na unazunguka, na utakuja kuikuta Mandela ile ile. Kama utaingia usiku alivyosema mzee hutoihitaji. Safari hii nyooka tu na Kilwa Road uizoee.

Utingo wa Zamani Lindi
Mmemsahau utingo jamani. Mdogo wangu kaeni kabla ya safari mkubaliane ishara, mkono huu maana yake njoo, huu simama, na rivasi usirudishe hata hatua moja kama humuoni utingo kwenye kioo. Kwenye foleni ya usiku vijana wanapanda nyuma, wanafungua betri, wanachana turubai, simenti inashuka mfuko mmoja mmoja, kwahiyo betri na tenki vifungwe na kufuli na spea tairi ipigwe mnyororo. Mkiona mtu kapanda pigeni honi, msishuke kupigana nae.

Mzigo nao, mifuko 600 ya kilo 50 ni tani 30 kamili. Semi la ekseli sita linaruhusiwa tani 8 mbele, 18 kwenye dabo difu, yaani ekseli mbili za nyuma za kichwa, na 24 kwenye tela, jumla 50 pamoja na uzito wa gari lenyewe, ile 56 mnayoisikia sio ya gari lako. Uzito wa gari tupu usome kwenye kadi ujumlishe, na simamia mwenyewe upakiaji maana jumla inaweza ikawa sawa halafu ekseli moja ikazidi kwa sababu wamerundika mbele.

Mzee wa Mingoyo
Naongeza na upepo wa breki. Foleni ya kusogea na kusimama ukikanyaga breki kila dakika geji inashuka, ikishuka sana breki zinakamata na unaganda katikati ya barabara. Acha nafasi ya gari mbili mbele yako, watachomekea ndio, waache, wewe sogea taratibu na gia ndogo. Trafiki akikusimamisha zima gari, salimia, toa karatasi. Ukiandikiwa faini ya elfu 30 omba kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali, ulipie huko, usimpe mtu hela mkononi.

Kijana wa Mikindani
Nimeandika yote kwenye daftari wakuu, Mungu awabariki. Na kurudi je, nikishashusha nitoke saa ngapi?

Dereva wa Mandela
Wapigie watu wa ghala leo uwaulize geti liko upande gani wa barabara na semi linaingia au mnashushia nje, ukifika shuka utembee kwa miguu uone nyaya za umeme na kona ya geti kabla hujaingiza kichwa. Kushusha kukiisha mchana baki hapo hapo, jioni Kilwa Road yote inaelekea Mbagala. Omba mlale kwenye yadi, toka saa nne usiku au subiri alfajiri.

Mzee wa Mingoyo
Alfajiri, asije akasinzia Ikwiriri.