Mjadala: Ndege kongwe ziruhusiwe kuruka juu ya ziwa hapa Mwanza, au zibaki makumbusho?

Mtoa mada (Pasiansi)

Wakuu, habari za wakati huu. Naleta hoja iliyotugawa kijiweni kwetu, maana sisi tunaokaa jirani na uwanja wa ndege hatuishi kubishana kuhusu ndege.

Tuseme siku moja watu wenye ndege za zamani, zile za miaka ya 1930 na 1940, wanaomba kuja kuzirusha Mwanza tuzitazame. Tuwakubalie? Wapo wanaosema chuma cha miaka 80 kimeshamaliza kazi, kiwekwe makumbusho, watoto waende kukiona kikiwa kimetulia. Mimi nasema ziruke, tena hapa hapa, juu ya maji. Ila zisibebe abiria wa tiketi, na zisipite juu ya vichwa vya watu.

Mji huu una haki na jambo hili kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Uingereza la Imperial Airways lilianzisha safari ya kila wiki kutoka London kuja huku kwetu, na mwisho wa njia ulikuwa Mwanza. Si Nairobi, si Dar es Salaam. Mwaka uliofuata ndipo njia ikaendelea hadi Cape Town. Kufikia 1937 ndege za majini, zile zenye tumbo kama la mashua, zilikuwa zinatua Kisumu kwenye ziwa hili hili zikielekea Durban. Baadaye, 1946, ikaundwa East African Airways, na Dakota, ndege za abiria na mizigo zenye pangaboi mbili, zikawa miongoni mwa ndege zake kwa miaka mingi. Shirika lenyewe likavunjika 1977, lakini Dakota, yaani DC-3, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935, mpaka leo zipo zinazoruka duniani.

Sasa kwa nini nataka iruke na isiishie kusimama? Kwa sababu Dakota iliyosimama inakuonyesha bati na rangi, basi. Injini yake ya Pratt & Whitney ina silinda 14 zilizopangwa kwa duara, safu mbili. Ikikaa muda bila kuwashwa, oili huchuruzika na kujikusanya kwenye silinda za chini. Fundi akikurupuka kuiwasha, pistoni inakutana na oili ambayo haibaniki, konrodi, yaani chuma kinachoshika pistoni, inapinda, injini imekufa hapo hapo. Ndiyo maana utawaona mafundi wanasukuma pangaboi kwa mikono, jani moja baada ya jingine, kabla rubani hajagusa swichi. Kisha inakohoa silinda moja, inakohoa ya pili, moshi unatoka, halafu zote zinashika na mlio unatulia kuwa mzito, wa chini, unaousikia kifuani. Ikianza kukimbia kwenye njia, mkia ndio unaonyanyuka kwanza. Ndege inakimbia imelala sawasawa huku magurudumu ya mbele bado yako chini, na ndipo inaachana na ardhi, polepole, bila haraka ya jeti. Haya yote huwezi kuyaandika kwenye kibao cha makumbusho mtu akayaelewa.

Na kama unajiuliza imedumuje, sababu moja ni hii: bodi yake haijazwi hewa kama ndege za sasa zinazopanda juu sana. Haitanuki na kusinyaa kila safari, kwa hiyo chuma hakichoki kwa namna ile.

Karibuni. Anayepinga apinge kwa hoja.

Mchangiaji (Igoma)

Mkuu, nakupinga. Umeeleza utamu tu.

Tarehe 22 Agosti 2015, Shoreham, Uingereza: ndege ya kivita ya zamani aina ya Hawker Hunter ilianguka barabarani wakati wa maonesho, watu 11 wakafa. Walikuwa barabarani, si uwanjani. Tarehe 4 Agosti 2018, Uswisi: Junkers Ju 52 ya 1939 ilianguka milimani na wote 20 wakafa. Tarehe 12 Novemba 2022, Dallas, Marekani: ndege mbili za Vita vya Pili zikagongana mbele ya watazamaji, watu sita. Hizo ni nchi zenye mafundi, wakaguzi na pesa. Sisi tunaanzia wapi? Familia ya mtu aliyekuwa anapita zake na gari unaiambia nini, kwamba mlio ulikuwa mzito?

Mchangiaji (Bukoba)

Naunga mkono wa Igoma, na nina langu. Sisi huku, tangu asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani, ndege ikishuka chini juu ya maji hatushangilii. Watu 19 walipotea pale, hatua chache kutoka uwanjani, na waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mtoa mada, unaposema "juu ya ziwa" kana kwamba ziwa ni mahali salama pa kuangukia, mimi moyo unashtuka. Nani ataokoa?

Mtoa mada (Pasiansi)

Ndugu yangu wa Bukoba, poleni sana, na swali lako nitalirudia kabla sijamaliza.

Naomba tutazame kilichoua. Ndege ile ya Bukoba haikuwa kongwe. MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikielekea hapa Mwanza na kutuulia mamia ya ndugu zetu haikuwa na hata miaka 20. Tatizo lilikuwa mzigo kupita kiasi na meli isiyo na uthabiti. Na MV Victoria, iliyoanza kazi 1961, ikafumuliwa na kukarabatiwa, ikarudi majini 2020. Umri peke yake hauui. Kinachoua ni mzigo, hali ya hewa, matengenezo ya kulipua na mtu kujiona anaweza.

Nenda kwenye mifano ya wa Igoma. Ile ya Uswisi, wachunguzi walikuta marubani waliingia kwenye bonde jembamba milimani wakiwa chini mno, hawana nafasi ya kujiokoa. Walikuta pia kasoro za matengenezo, ingawa si hizo zilizoiangusha. Mamlaka ya huko ikazuia ndege hizo kubeba abiria kibiashara. Ndiyo maana nimesema hakuna tiketi. Ya Shoreham, rubani alianza kuzunguka wima akiwa na mwendo mdogo, na alipofika kileleni hakuwa na kimo cha kutosha kumalizia mzunguko. Kwa hiyo hapa hakuna sarakasi, ndege ipite moja kwa moja kama inasafiri. Ya Dallas, zilikuwa nyingi angani kwa pamoja. Hapa iruke moja, itue, ndipo nyingine ipande. Raha yenyewe iko kwenye mlio na umbo, haihitaji kubinuka.

Tena si jambo geni kabisa. Mwaka 2016 ndege za mabawa mawili za miaka ya 1920 na 1930 ziliruka kutoka kisiwa cha Crete hadi Cape Town, zikakatiza Tanzania yetu.

Mchangiaji (Kirumba)

Kaka, mimi nafanya biashara ya dagaa mwaloni. Mnajadili ziwa kama uwanja mtupu. Mchana kuna mitumbwi, kuna nyavu za sangara, kuna vivuko vya Kamanga vinakwenda na kurudi. Ukifunga maji nusu siku, kuna mtu hatauza. Halafu wale korongo wanaozunguka mwaloni na dampo, wakiingia kwenye injini je?

Sisemi msifanye. Nasema ongeeni na BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa mwalo, kabla ya kuongea na wenye ndege. Na kama ni lazima, chagueni siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wengi wanakuwa wamepumzika maana taa hazivuti dagaa mwezi ukiwa mkubwa. Wa sangara na sato wao ni suala jingine, muwaulize wenyewe.

Mtoa mada (Pasiansi)

Dada, huu ndio mchango niliokuwa nautafuta. Siku za mbalamwezi nisingeliwaza hata kidogo. Kuhusu korongo, ni hatari kweli, kwa ndege mpya na kongwe, na saa za mchana wanapopanda juu na joto ndizo mbaya zaidi. Iwe asubuhi mapema.

Mchangiaji (Nyakato)

Vijana, mimi ni mzee. Tarehe 29 Machi 1979 Gaddafi alituletea ndege ya Tu-22 hapa Mwanza kumsaidia Amin. Ililenga matangi ya mafuta ikakosa, makombora yakaangukia kisiwa cha Saanane chenye hifadhi ya wanyama, yakaua swala na kumjeruhi mfanyakazi mmoja. Nilikuwepo mjini. Ule mlio ninao mpaka leo.

Dakota leteni, niliipanda nikiwa kijana na nitakuja na wajukuu. Ndege ya kivita, hata iwe imepakwa rangi nzuri namna gani, msiilete kuipitisha chini juu ya mji huu. Wapo wenzangu watajificha chini ya vitanda.

Mtoa mada (Pasiansi)

Shikamoo mzee. Nimekuelewa, na naliongeza: za abiria na mizigo tu. Wapenzi wenzangu wa ndege za kivita watanuna, lakini mji ni wa watu wote.

Mchangiaji (mwanafunzi wa ufundi ndege)

Shikamooni. Swali la kitaalamu. Injini za pistoni zinatumia petroli ya ndege, si mafuta ya taa ya jeti ambayo ndiyo kila uwanja mkubwa unayo. Zipo Dakota zilizofungwa injini mpya za tabaini zinazotumia hayo mafuta ya jeti, zinaitwa BT-67, zinafanya kazi hadi Antaktika. Mtoa mada, hiyo kwako ni kongwe bado? Na wenye ndege wakija, naomba iwe sharti watufungulie vifuniko vya injini tuone. Hizo silinda 14 sisi tumeziona kwenye michoro tu.

Mtoa mada (Pasiansi)

Ni kongwe kwa bodi, si kwa sauti. Nitaiheshimu ila si hiyo ninayoiota. Petroli waje nayo au walipie iletwe kwa utaratibu unaokubalika. Na sharti lako la vifuniko naliweka juu kabisa, mbele hata ya kuruka.

Mchangiaji (Igoma)

Na pesa? Hospitali ya Bugando wagonjwa wanahitaji mengi.

Mtoa mada (Pasiansi)

Jiji lisitoe hata shilingi. Mwenye ndege alipe ada ya kutua, mafuta, bima na waokoaji. Akishindwa, abaki kwao.

Sasa wa Bukoba, swali lako. Boti za uokoaji ziwe majini injini zikiwaka kabla ndege haijapanda. Wavuvi wanaolijua eneo walipwe kukaa tayari pamoja nao. Inatosha?

Mchangiaji (Bukoba)

Bado. Boti bila mtu mmoja mwenye amri ni fujo, kila mtu anavuta kamba upande wake. Jina la msimamizi lijulikane kabla, wazamiaji wawe wameshavaa, na wafanye zoezi kamili wiki moja nyuma, tukiwepo kulitazama. Zoezi likienda vibaya, ndege isiruke. Kwa hayo siwapingi.

Mchangiaji (Igoma)

Mimi bado napinga. Masharti yote mliyoandika ni mazuri, lakini cheti cha kuruka cha ndege ya kigeni kimetolewa na nchi nyingine. Nani wetu atapanda ngazi kukagua kutu ndani ya bawa? Mamlaka ya Usafiri wa Anga iseme kwanza ina mkaguzi anayezijua ndege za namna hiyo. Ikisema anayo, tuendelee.