Kakangu kahukumiwa kunyongwa na wakili aliyepewa hakumtetea, tuanzie wapi?

MwanaBarani
Asalaam aleykum jamani, na wasio waislamu hamjambo. Niko Malindi, Barani, naandika mkono wanitetemeka. Kakangu alihukumiwa kunyongwa Jumatatu ya wiki jana, kesi ya mauaji, saa hizi washampeleka jela ya Shimo la Tewa. Sisi hatuna kitu so mahakama ilimpa wakili wa bure. Huyo wakili wallahi kesi ya miaka 3 tumemuona uso kwa uso mara 4. Siku ya kwanza alikuja pale seli ya mahakama akamwambia kakangu "wewe ndie Kazungu?" kakangu akamwambia la, mimi siye, akafunua faili nyengine.

Usiku wa mkasa kakangu alikua baharini na mashua ya ami yetu, wakarudi alfajiri wakapima samaki Mayungu na jina lake liko kwa daftari la BMU (kamati ya wavuvi ya ufuoni), kilo 11 za changu. Nahodha na baharia mmoja walikuja mahakamani mara mbili wakaketi kwa benchi nje mpaka jioni, hawakuitwa. Wakili alimwambia tu "sema hukuweko, yatosha." Shahidi wa serikali alisema alimtambua kwa tochi ya simu, wakili hakumuuliza hata tochi ilikua mbali kiasi gani. Je uzembe wa wakili waweza kubatilisha hukumu? Ama ndo basi?

PwezaWaNazi
Pole dadangu. Lakini msife moyo, Kenya hawanyongi tena, wa mwisho ni Ochuka na mwenzake Okumu mwaka 1987, wale wa jaribio la mapinduzi la 82. Na 2016 Uhuru aliwabadilishia watu 2,747 ikawa kifungo cha maisha. Tulieni tu mungoje msamaha

MwanaBarani
Kaka ahsante ila maisha jela kwa kosa hajafanya ndo nini sasa. Mama amekataa kula tangu Jumatatu.

KaraniMstaafu
Mwanangu, nimekaa rejista ya mahakama miaka mingi, nisikize vizuri. Hayo ya msamaha yaweke kando kwanza. Hesabu siku. Notisi ya rufaa ni siku 14 tangu hukumu, leo ni Alhamisi, mnazo 4 na ndani yake mna Jumamosi na Jumapili. Si lazima wakili aandike, kakako mwenyewe aombe pale gerezani, wana fomu, anatia kidole ama sahihi na afisa msimamizi anaipeleka. Zikipita unaweza kuomba kuongezewa muda lakini kwa nini ujitafutie kazi.

Sasa kwa swali lako. Kusema "wakili alikua mbaya" peke yake hakumtoi mtu, kila mfungwa asema hivo na majaji washazoea. Katiba kifungu cha 50 yasema mshtakiwa apewe wakili kwa gharama ya serikali kama asipopewa patatokea dhulma kubwa, na Mahakama ya Juu kwa kesi ya Karisa Chengo 2017 (hao ni watu wa huku huku kwetu pwani, walikua na hukumu ya kifo ya wizi wa mabavu) ilitaja mambo ya kuangalia, uzito wa kosa, ukali wa adhabu, uwezo wa mtu kulipa, kama amesoma. Sasa wewe hoja yako ni kwamba kupewa wakili wa jina tu ni sawa na kutopewa. Hiyo hoja lazima isimame juu ya prosidingi, yaani maandishi ya yote yaliyosemwa kwa kesi. Ombeni prosidingi zote zikiwa tayari, mzisome ukurasa kwa ukurasa, muandike hapa hakuuliza, hapa shahidi alikua nje hakuitwa, na kwa kila moja muonyeshe ingebadilisha nini. Hiyo tochi ni mali. Kumtambua mtu usiku mahakama hutaka ijue mwangaza, umbali, muda, na kama walijuana kabla. Na hii kwa kakako ni rufaa ya kwanza, majaji wanatakiwa wapime ushahidi wote upya wenyewe.

Daftari la BMU ndo gumu. Watauliza, lilikuwepo wakati wa kesi, mbona hamkulileta? Jawabu ni wakili aliambiwa akapuuza, kwa hiyo nahodha na huyo baharia waapishwe hati za kiapo waseme walikuja tarehe ngapi na walimwambia nini. Na daftari lenyewe lipigwe picha LEO kabla halijaliwa na panya.

dogo_wa_mida
kuna jamaa Texas aitwa Calvin Burdine wakili wake alikua analala mahakamani kwa kesi ya kunyongwa, kulala kabisa, na mahakama ya rufaa ya kule ikakubali 2001 apewe kesi mpya, alihukumiwa 1984 so fikiria miaka hiyo yote. Ila Marekani wana kipimo chao cha tangu kesi ya Strickland, lazima uonyeshe wakili aliharibu NA kwamba bila hilo pengine matokeo yangekua mengine, yani ni kama vile mzee karani amesema

BintiShela
Na si mungeomba tu ile ya Muruatetu? binamu yangu alipunguziwa ikawa miaka

KaraniMstaafu
Bi Shela, Muruatetu ya Disemba 2017 ilisema kunyongwa si lazima kwa mauaji, jaji ana hiari. Hiyo yahusu adhabu, huyu kakake asema hakufanya. Ila kuna kitu hapo watu hawakioni. Zamani wakili asiposema kitu kabla ya adhabu haikudhuru, ilikua kamba tu. Siku hizi yale maneno ndo yanaamua kamba ama miaka. Mwanangu, wakili wenu alisema nini siku ile?

MwanaBarani
Alisema "twaachia mahakama." Basi. Hata hakusema ana watoto wawili na hajawahi kushikwa.

KaraniMstaafu
Haya, hiyo iandike iwe hoja ya mbadala, chini ya ile ya hatia. Na wakili mpya lazima awe mwengine, yule wa kwanza hawezi kusimama akajisema mwenyewe. Jaribuni ofisi ya msaada wa sheria ya serikali, ipo chini ya sheria ya 2016.

MwanaBarani
Nimetoka Shimo la Tewa saa hii, niko kwa matatu Mtwapa. Fomu ametia sahihi na imepigwa muhuri mbele yangu. Sasa shida ni daftari, karani wa BMU wa mwaka ule amehamia Kipini na la zamani hakuna ajuaye liliko. Kuna mtu wa Kipini humu?

PwezaWaNazi
Mimi shemeji yangu yuko Kipini, anavua huko. Nitumie jina la huyo karani inbox.