Faini ya daladala ya Mbeya imeandikwa kwenye IST yangu iliyokuwa juu ya mawe Tabata

Wakuu, habari zenu. Mimi habari sina. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, nina hasira na leo nazitoa zote.

Nina IST. Rangi ya fedha, pleti za njano, gari ya kunipeleka kazini na kubeba watoto Jumapili. Tangu niinunue haijawahi kuvuka Chalinze. Mwezi wa pili giaboksi ikaanza kugoma, nikaipeleka kwa fundi Tabata. Mafundi mnawajua: "Dada, kesho kutwa unakuja kuchukua." Ilikaa siku 16. Imewekwa juu ya mawe, giaboksi imeshushwa imelazwa kwenye boksi la televisheni, na mimi nabanana kwenye mwendokasi kama Watanzania wenzangu. Hilo la mawe mlishike, tutalirudia.

Mwezi wa nne nasimamishwa Barabara ya Morogoro. Ukaguzi wa kawaida, leseni, stika, mkanda nimefunga. Afande akaingiza namba za gari kwenye kimashine chake, akaniangalia, akaangalia tena kimashine. "Dada yangu, gari inadaiwa." Nikamwambia haidaiwi. Akanigeuzia nisome mwenyewe. Kosa: kushusha abiria mahali pasipo kituo. Mahali: Kabwe, Mbeya. Shilingi 30,000, na juu yake 7,500 ya kuchelewa kulipa. Tarehe yake iko katikati ya zile siku 16.

Nilicheka wakuu. IST isiyo na giaboksi imeshuka yenyewe kwenye mawe, imepita Mikumi, imepanda Kitonga, kilomita zaidi ya 800, imefika Mbeya ikapakia abiria, na bado ikakosa adabu ya kuwashusha stendi! Afande naye akacheka. Huyo simsemi vibaya, hakunizungusha wala hakuniambia "tuongee". Akasema nenda ofisini watakufutia, ni jambo dogo.

Jambo dogo.

Ofisi ya kwanza nilikwenda na kadi ya gari, leseni yangu, risiti ya fundi na picha alizokuwa akinitumia WhatsApp kunionyesha kilichoharibika, tarehe zinaonekana. Nikapanga foleni toka saa mbili, nikaonwa saa tano. Aliyenihudumia hakugusa karatasi hata moja. Akafungua kompyuta, akasoma, akasema: "Hii imeandikwa Mbeya. Inafutwa Mbeya."

Nikamuuliza, afande, nikitaka kulipa je, nako niende Mbeya? "Hapana, kulipa unalipa hata hapo nje kwa simu. Nikupe namba ya malipo?"

Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa na haijafa hadi leo. Hela yangu inaweza kutoka Dar ikafika serikalini kabla sijameza mate, ila ukweli wangu mpaka upande basi! Nauli ya Mbeya kwenda na kurudi tu inaizidi faini yenyewe, bado hujalala gesti, bado hujaomba ruhusa kazini. Mtu mwenye akili timamu atapiga hesabu aone bora alipe. Na ndivyo watu wanavyolipa vitu visivyo vyao kila siku kimya kimya, kisha tunaambiwa mfumo unafanya kazi vizuri, makusanyo yapo.

Halafu kuna kitu kinaniumiza zaidi. Ukifungua lile deni mtandaoni, huoni kosa na hela peke yake. Inaonekana na namba ya leseni ya dereva aliyekamatwa. Leseni ile si yangu! Imeandikwa pale pale, mstari mmoja na jina la kosa. Yaani aliyekosa mnamjua, mlimshika mkononi, mkamwandikia, akaondoka zake, kisha mnamdai mtu aliyeko Tabata anabembeleza fundi. Deni linafuata chuma, halifuati mtu. Na gari iliyoshusha abiria ni ya biashara, ina pleti nyeupe. Yangu ni njano. Mwandishi wa faini alikuwa amesimama mbele ya pleti nyeupe.

Sheria inampa dereva nafasi ya kukataa kosa pale pale na kwenda kujitetea mahakamani. Sawa kabisa. Mimi ningelikataa wapi, gereji?

Nikaambiwa niandike barua. Nikaandika. Nikaambatanisha kila kitu, wakagonga muhuri kwenye nakala yangu, wakasema itatumwa. Wiki mbili kimya. Nikarudi: "Faili liko kwa bosi." Bosi yuko wapi? "Yuko kikaoni." Nikarudi tena, bosi yuko safari. Nikapewa namba ya simu ya huko Mbeya, inaita mpaka inakata. Siku moja ilipokelewa, mwenzangu akasikiliza maelezo yote kwa utulivu, dakika kama sita, kisha akaniambia kwa upole kwamba nimekosea, pale ni kwa fundi redio.

Sasa ingia mume wangu. Nampenda, lakini kwa hili Mungu anisaidie. Kila nikirudi nyumbani nimenuna, yeye na wimbo mmoja: "Mama Irene, lipa yaishe, elfu thelathini na saba na mia tano itakupa presha?" Fundi anasema lipa. Bodaboda wa pale njiani, sijui nani alimhadithia, naye ananiambia dada lipa. Nikamwelewesha mume wangu, nikilipa nimekiri. Akanyamaza. Nikadhani ameelewa.

Alilipa. Bila kuniambia. Akanitumia ujumbe wa muamala na kikopa, eti zawadi.

Nikasema basi, limepita. Wiki tatu baadaye nikaangalia tena, kwa sababu siku hizi naangalia kama mtu anayepima sukari. Deni jipya. Kabwe, Mbeya. Kosa ni kusimama katikati ya barabara kupakia. 30,000. Na leseni ni ile ile ya mwanzo!

Nilirudi ofisini nikiwa nimewaka. Mnajua nilichojibiwa? "Ile ya kwanza si ulilipa? Kama gari siyo yako ulilipa ya nini?" Sikuwa na la kusema wakuu. Nilisimama pale dirishani kama mwanafunzi aliyechelewa namba, nyuma yangu watu wananisukuma.

Niweke kidogo pembeni kabla sijamaliza, maana najua humu kuna watu wanataka kununua gari mkononi. Shemeji yangu alinunua Noah kwa mtu, bei nzuri, kadi safi. Alipoangalia madeni baada ya kukabidhi hela akakuta faini 7. Zidisheni 30,000, ongezeni ile 7,500 kwa kila moja: 262,500. Muuzaji simu haipatikani. Kuangalia ni bure, unahitaji namba za gari tu. Angalia ukiwa umesimama hapo hapo na muuzaji, kabla hujatoa hata shilingi. Na kama gari unayo tayari, angalia kila mwezi, hata kama inalala uani kwako. Mimi ningeangalia mwezi wa pili, ile 7,500 isingezaliwa.

MREJESHO

Niliandika huo uzi juzi usiku nikashindwa kuuweka, bando liliisha. Jana kimetokea kitu, nawapa.

Nilikwenda ofisi nyingine, ya tatu hii. Nikakuta afande kijana, labda hata miaka 30 hana. Nikaanza wimbo wangu wa giaboksi, akanikatisha: "Mama, leseni hii ni ya nani?" Nikataka kumkumbatia. Toka mwezi wa nne ndiye binadamu wa kwanza kuuliza hilo swali. Akaitafuta. Leseni ina daraja C, la kubebea abiria. Yangu ni D, ya kujiendeshea tu. Akapiga simu yake mwenyewe kwa mwenzake wa Mbeya, wamesoma depo pamoja, wakataniana kwanza kuhusu mpira nami nimekaa roho juu. Mwenzake akasema mpe nusu saa.

Nusu saa ikawa saa moja na nusu, lakini picha ilikuja. Hiace. Namba zote sawa na zangu isipokuwa herufi ya mwisho. Yangu inaishia na G, yake inaishia na C. Na aliyefunga ile pleti amepigilia boliti pale pale kwenye mdomo wa C. Ukitazama kwa mbali na vumbi lile, ni G. Hata mimi ningesoma G.

Kwa hiyo si namba bandia kama nilivyokuwa nimeshamshuku mwenye Hiace nikimwombea mabaya usiku na mchana. Anisamehe huko aliko, ingawa abiria nao awashushe kituoni. Ni boliti moja, na watu wawili walioandika namba bila kulinganisha rangi ya pleti wala aina ya gari na kilichoandikwa kwenye kadi. Nimekula miezi mitatu, ofisi tatu, likizo siku nne, kwa boliti.

Deni la pili limeondolewa. Nililiangalia jana jioni, nikaliangalia tena leo alfajiri, halipo. Yule kijana nilitaka kumpa hela ya soda akakataa, akasema nimwombee apandishwe cheo. Namwombea.

Nikamuuliza na ile 37,500 ya mume wangu je? Akajikuna kichwa. Akasema hiyo imeshaingia serikalini, kurudishiwa inawezekana ila lazima niandike barua nyingine ya maombi, niambatanishe uthibitisho wa malipo na maelezo ya kwa nini nililipa kosa lisilo langu.

Nikamuuliza barua naipeleka wapi.

Mbeya.

Kama kuna mwana jamvi aliyewahi kurudishiwa hela ya namna hii naomba aniambie alifanyaje na ilichukua muda gani. Na kama uko Mbeya na unapita Kabwe, mwambie huyo dereva ahamishe boliti.