Pedi za kufua: wasichana wanazificha

Klabu yetu ya vijana inashona pedi za kufua shuleni. Tatizo, wasichana wanaona aibu kuzianika. Wanazificha chini ya godoro. Tufanyeje?

— Hapo ndipo penye hatari. Pedi mbichi hunuka na kuwasha ngozi. Waloweke kwa maji baridi (ya moto hugandisha doa), wafue kwa sabuni, wasuuze hadi maji yatoke meupe, waanike juani. Ombeni kamba ya wasichana peke yao, na isiwe kivulini!

— Wavulana nao washone: kitambaa cha pamba juu, taulo katikati, chini kitambaa kisichopitisha maji. Aliyeshika sindano hazomei mwenzake.

— Mko Kenya? Sheria ya 2017 inaitaka serikali iwape pedi bure wasichana waliobalehe katika shule za umma. Mwulizeni mwalimu mkuu kwa barua: zimefika ngapi, lini?