Bendi yetu kongwe imerudia nyimbo zake na kuwafuta wanawake walioitikia

Nina hasira tangu Ijumaa, na nisipoiandika itanila. Bendi ile kongwe, watu wa Malindi mnaijua na sitaitaja, imerekodi upya vibao vyake vya zamani, kila kimoja na mwimbaji mgeni wake. Nimevinunua vyote. Nimevisikiliza vyote hapa Shela, mama yangu mdogo akiwa amekaa kando yangu mkekani.

Mama mdogo ni mmoja wa wanawake wanne walioitikia kwenye kanda ya asili. Bendi siku za wiki ilikuwa ikiwapigia Wataliano hotelini, Jumamosi inaingia harusini Maweni au Barani, na huko ndiko ilikowaokota hawa wanawake, kwenye chakacha, ngoma ya wanawake ya harusini. Hawakufundishwa na mtu. Walipelekwa Mombasa kwa matatu, wakaimba usiku kucha wakiwa wamezunguka maikrofoni moja, mwenzao mmoja ana mtoto mgongoni. Mtoto akilia, wanarudia. Wakapewa nauli na leso pea moja moja, basi.

Na kiitikio ndicho kilichouza kanda ile. Mwambie yeyote aliyeolewa hapa miaka ile akuimbie wimbo wowote wa kanda hiyo: hataanza na ubeti, ataanza na kiitikio, na mikono itapiga makofi yenyewe.

Sasa kiitikio anaimba mgeni peke yake, sauti yake imerudufiwa na kompyuta mpaka ikawa kama watu kumi. Ngoma zetu, msondo, chapuo na vumi, hakuna, kuna biti ya kompyuta. Mama mdogo alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Mwanangu, sisi tuko wapi hapa?" Sikuwa na la kumjibu. Nilikwenda kusoma majina yaliyoandikwa chini ya kila wimbo. Prodyuza yupo, mgeni yupo, hata aliyepiga picha yupo.

Na maneno je? Ubeti wa kwanza wa wimbo mmoja ulikuwa hivi:

Usinitizame mato, moyo wangu u thakili,
Wanichomea kwa moto, nami siwezi himili.

Mizani nane kwa nane, "mato" inakwenda na "moto", "thakili" na "himili". Mgeni kaimba "macho". Kina kimekufa pale pale! Halafu "u thakili", yaani ni mzito, kaigeuza "una stresi". Ina maana studio nzima hapakuwa na mtu mmoja wa kumwambia kijana kwamba huku kwetu jicho ni jito, na mshairi hakukosea? Viongozi wa bendi walikuwepo, wazee wazima waliozaliwa hapa hapa, wakanyamaza.

Najua mtakuja kuniambia bendi ina haki ya kurudia nyimbo zake. Ninajua, na sababu yake ninaijua. Rekodi ya asili ni mali ya aliyeigharamia, na mwanamuziki akitaka rekodi iliyo yake hana budi kuingia studio tena. Taylor Swift, mwimbaji wa Marekani, alifanya hivyo kuanzia 2021, baada ya rekodi za albamu zake sita za mwanzo kuuzwa mwaka 2019. Sina ugomvi na hilo. Lakini fikirini linawafanya nini wale wanne. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inamhesabu mwimbaji kuwa ni mwenye haki, si kiongozi wa bendi tu. Haki hiyo lakini imeshikana na sauti yake iliyomo kwenye rekodi. Redio zikishahamia rekodi mpya, ile ya zamani haipigwi, na aliyemo kwenye ya zamani tu hana chake tena. Kwa hiyo hawakusahauliwa tu. Wametolewa kwenye riziki yao, na wawili kati yao wako hai, wanaishi mwendo wa dakika kumi kutoka kwa kiongozi wa bendi. Hata hodi hakupiga.

Wala msiniambie kuleta mgeni ni lazima kuharibu. Them Mushrooms, bendi ya Pwani, walimrudisha Fundi Konde kwa watu, mwanamuziki mzee wetu wa Kilifi, kizazi kipya kikamjua kwa jina lake. Walipofanya wimbo wa Vidonge na Malika, mwimbaji wa taarabu, Malika alibaki Malika, na bendi ikapiga kwa kumfuata. Huko ndiko kumheshimu mtu. Hawa wetu wangeweza kumweka huyo kijana kwenye ubeti na kuwaachia kina mama kiitikio. Sauti ya mama mdogo bado ipo, imeingia mkwaruzo kidogo, na jana jikoni ameimba kiitikio chote bila kukosea.

Ninachotaka ni majina yao yaandikwe kwenye kila mahali nyimbo hizi zinapouzwa, na kiongozi afike kwao wazungumze malipo. Nitamfuata mwenyewe wiki hii.

Na nyinyi nawaomba kitu kimoja. Kanda ya nyumbani iliibwa pamoja na redio. Ile karatasi ya ndani ya kasha, upande wa B, ilikuwa na majina ya waitikiaji wote wanne yameandikwa kwa wino wa buluu. Aliye nayo, tafadhali aipige picha aiweke hapa.